Mgonjwa asiye na wenyewe asitafutiwe sahihi tu

Mhariri,

Katika wodi za pwani hakukosi faili ambalo, penye nafasi ya jina la jamaa wa karibu, pameandikwa "hana" au pameachwa wazi. Malindi mgonjwa huyo huwa mzee aliyefukuzwa kwao kwa kusingiziwa uchawi, kibarua wa bara aliyekuja kujenga nyumba za wageni, mvuvi wa Kipemba, au Mwitaliano mstaafu aliyebaki peke yake baada ya mwenziwe kufariki. Lamu huwa baharia, mchukuzi wa punda, au bibi wa visiwani ambaye wanawe wako Uarabuni na simu zao hazishiki. Maadamu wana fahamu zao, mambo huenda. Taabu huanza siku panapotakiwa uamuzi mzito na mgonjwa hawezi kuamua, au anadhaniwa hawezi. Wodi nzima hugeuka kutafuta mtu wa kutia sahihi. Tunaandika kusema kwamba kinachokosekana hapo ni utaratibu wa kufikia uamuzi, na kwamba kaunti za Lamu na Kilifi zinaweza kuuweka bila kungoja sheria mpya kutoka Nairobi.

Tuanze na sheria tuliyonayo. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinasema mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa ataridhiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimpa idhini kwa maandishi, au aliyeidhinishwa na sheria au amri ya mahakama. Wakikosekana hao, jamaa wa karibu. Kisha kuna mlango wa dharura: matibabu hutolewa bila ridhaa pale ambapo kuchelewa kunaweza kuua au kuleta madhara yasiyotengenezeka, na mgonjwa hakukataa kwa kauli wala kwa vitendo. Katiba nayo, Ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo damu inapomwagika hakuna haja ya kumtafuta shangazi. Anayemzuia daktari kwa kuuliza "nani atasaini?" wakati huo hajaisoma sheria.

Pengo liko kwa mgonjwa asiye na jamaa na ambaye hali yake si ya dharura. Mfano ulio mwingi ni mguu wa mgonjwa wa sukari. Kidonda kinanuka, kidole kimekuwa cheusi, daktari anaona mguu ukatwe chini ya goti, lakini mgonjwa maneno yake hayaeleweki na hakuna wa kuulizwa. Siku ya kwanza faili linasema "tunangoja jamaa". Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne homa inapanda, shinikizo la damu linashuka, sumu imeingia katika damu, na sasa mguu unakatwa juu ya goti kwa jina la dharura. Kisheria pengine kila mtu amesalimika. Mgonjwa amepoteza goti, na mwenye goti hujifunza kutembea na mguu wa bandia kwa urahisi mno kuliko asiye nalo. Dharura ya namna hii imetengenezwa na kungoja, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote tunazozieleza hapa.

Mahali pengine msimamizi wa hospitali hutia sahihi kama jamaa. Kifungu cha 9 hakimtaji. Pengine huitwa imamu au mchungaji. Hao pia hawatajwi, ingawa wanaweza kuwa na habari ya thamani: mgonjwa aliamini nini, alisema nini alipomzika mwenziwe. Na pengine, hili ni baya zaidi, hushikwa mkono wa mgonjwa aliyelewa dawa za usingizi, dole gumba likapakwa wino na kubandikwa kwenye fomu. Alama hiyo haina maana yoyote. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Wodini jiwe hilo halijui kusaini.

Kabla ya kumtafuta wa kuamua badala ya mgonjwa, hakikisha kwanza kwamba mgonjwa hawezi. Wengi wanaoandikiwa "amechanganyikiwa" wanaweza. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja na kwa wakati mmoja. Mtu asiyeweza kupima hatari za kusafishwa figo anaweza kabisa kusema nani amwogeshe, na kwamba hataki kupelekwa Mombasa. Kipimo kinachotumika England na Wales, chini ya Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, kina maswali manne na hakihitaji mashine: ameelewa alichoambiwa? Amekishika kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kukipima, faida na hasara? Anaweza kuueleza uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kufumba jicho?

Namna ya kuuliza ni kazi yenyewe. Sentensi ziwe fupi, na mambo yasizidi matatu kwa mara moja. Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo, hasa akiulizwa na mwenye koti jeupe. Mwambie: "Hebu nieleze, mzee wangu, kesho tunataka kukufanyia nini? Na tusipofanya kutakuwaje?" Rudi baada ya nusu saa uulize tena. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, wala usiandike "anaelewa" au "haelewi". Na tukiri tabia moja ya hospitali zetu: mgonjwa akisema ndiyo, hapimwi na mtu, akisema hapana, ndipo akili yake inatiliwa shaka. Kukataa si ugonjwa wa akili. Kipimo kiwe kile kile kwa majibu yote mawili.

Lugha huwaponza wengi. Muuguzi aliyetoka bara anasikia Kibajuni cha Kizingitini, au Kigiriama cha bibi wa Ganze, au Kiaweer, anadhani ni payo. Sheria ile ile ya Afya, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa kadiri ya elimu yake, kila inapowezekana. Mkalimani asiwe mgonjwa wa kitanda cha pili, na asiwe mtoto. Hakikisha pia miwani iko usoni na umesimama upande wa sikio linalosikia. Wazee wengi wameshindwa kipimo kwa kutosikia swali.

Halafu kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako watu hukuchukua kuwa ni usahaulifu wa uzeeni. Tofauti yake inaonekana kwa macho. Usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka. Huku kwa ghafla huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka, na huzidi jioni na usiku. Sababu zake nyingi zinatibika: sukari kushuka, maambukizi ya mkojo au mapafu, malaria, kukaukiwa maji, chumvi ya damu kushuka, maumivu yasiyotulizwa, mkojo kuziba, choo kugoma kwa siku kadhaa, pombe iliyokatishwa ghafla, na dawa zenyewe tunazompa. Kwa hiyo pima sukari mara moja, tibu unachokiona, punguza dawa za kulaza, kisha mwulize tena asubuhi baada ya kupata chai. Uamuzi unaoweza kungoja siku mbili ungoje siku mbili. Atakayeamua mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Aliyepooza kwa kiharusi na kupoteza maneno ni habari nyingine. Huenda anaelewa kila kitu. Mpe picha, au kadi mbili, au mkubaliane kidole juu ni ndiyo na ngumi ni hapana. Kisha uliza swali lile lile kwa kuligeuza: "Unataka tukate?" halafu baadaye "Unataka tusikate?" Akijibu ndiyo kwa yote mawili, bado hujapata jibu, wala hujathibitisha kwamba hana akili.

Ikithibitika hawezi, msako wa wanaomjua uanze saa hiyo hiyo na upewe kikomo, tuseme saa 48. Aufanye mtu mmoja anayetajwa kwa jina kwenye faili, kwa kawaida afisa wa ustawi wa jamii. Kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Simu ya mgonjwa isizimwe. Ichajiwe na anayepiga apokelewe. Ulizeni kwa chifu na mzee wa mtaa, msikitini na kanisani, kwenye kikundi cha usimamizi wa ufuo ikiwa ni mvuvi, kwenye steji ya bodaboda, gatini kwa manahodha. Polisi waandike taarifa kwenye kitabu chao na nambari yake iingie kwenye faili. Shirika la Msalaba Mwekundu lina huduma ya kutafuta jamaa waliopoteana. Kukosa kitambulisho kusichukuliwe kuwa ni ugeni: Wapemba waliozaliwa na kuzeekea pwani hii walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu.

Tahadhari moja katika msako huo. Tangazo la kipaza sauti au la redio litaje jina, umri na mahali alipookotwa, ugonjwa usitajwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa habari nyeti, na chifu hahitaji kujua majibu ya damu ili aseme nyumba ya mtu iko wapi.

Mnachotafuta si damu peke yake. Jirani aliyemletea uji kwa miaka sita anajua anachokitaka mgonjwa kuliko mpwa aliyeonana naye mara mbili. Jamaa wengine, tulitamke wazi, ndio hatari yenyewe. Katika kaunti ya Kilifi kusingizia wazee uchawi mara nyingi kumefungamana na ardhi, na mpwa anayetokea wodini siku ya tatu akiuliza cheti cha shamba kabla hajauliza mgonjwa amekula nini asikabidhiwe kalamu. Aulizwe, asikilizwe, aandikwe, lakini asiamue peke yake.

Sababu nyingine inayowakimbiza watu wema ni bili. Fomu ya ridhaa na ahadi ya kulipa huwekwa mezani pamoja, na rafiki akiona vile huenda "kununua maji" asirudi. Tenganisheni karatasi hizo mbili. Anayesema "mimi namjua, hupenda hivi" asiombwe senti. Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikwisha kusema mwaka 2015 kwamba kumzuia mgonjwa hospitalini kwa ajili ya deni ni kuvunja haki zake. Sembuse kumtisha jirani. Huko Japani, ambako wazee wengi huishi peke yao na hospitali huzoea kudai mdhamini, wizara ya afya iliziandikia mwaka 2018 kwamba kukosa mdhamini pekee si sababu ya kumkataa mgonjwa, na mwaka 2019 ikatoa mwongozo wa kuwasaidia wasio na jamaa.

Sasa kikao chenyewe. Saa 48 zikipita bila mtu, au hata kabla yake kama kidonda kinakimbia, wakae watu watano: daktari anayetibu, daktari mwingine asiyemtibu, muuguzi mkuu wa wodi, afisa wa ustawi wa jamii, na msemaji wa mgonjwa kutoka nje ya hospitali. Huyu wa mwisho ndiye anayekosekana kwetu, na bila yeye kikao ni hospitali inajiuliza na kujijibu. England na Wales ziliunda kazi hiyo kwa sheria, nayo ilianza mwaka 2007. Kwa mgonjwa asiye na jamaa wala rafiki wa kuulizwa, hospitali hulazimika kumwita msemaji huyo kabla ya tiba nzito, au inapotaka kumweka hospitalini zaidi ya siku 28, au kumhamishia katika nyumba ya kutunzia watu kwa zaidi ya wiki 8. Msemaji haamui. Anakutana na mgonjwa faraghani, anasoma faili, anauliza njia nyingine ni zipi, na anaweza kudai daktari wa pili atoe maoni yake.

Kikao kijiulize kwanza kama jambo linaweza kungoja. Kisha mgonjwa aliwahi kusema au kuonyesha nini: alikataa upasuaji zamani? Alitoroka hospitali? Aliapa hatakufa mbali na kisiwa chake? Visipopatikana vya kutosha, ichaguliwe njia inayoacha mlango wazi, yaani inayoweza kurudishwa nyuma, kabla ya isiyorudishika. Kusafisha kidonda na dawa ya mshipani kwa siku mbili, ukipima kila baada ya saa chache, ni tofauti na msumeno. Lakini ikiwa msumeno ndio utakaookoa goti, kikao kiseme hivyo leo, si Alhamisi. Bei ya tiba isiingie kwa mlango wa nyuma. Kama sababu ya kweli ni fedha, iandikwe fedha, ili msemaji aweze kuigombania SHA, yaani bima ya afya ya taifa, au ofisi ya kaunti.

Karatasi ya kikao iwe moja: tarehe na saa, waliohudhuria, njia zilizozingatiwa, maneno ya mgonjwa, iliyochaguliwa na kwa nini, aliyepinga na hoja yake, siku ya kuupitia upya uamuzi, kabla siku saba hazijapita. Akili ya mgonjwa ikirudi, aelezwe yote yaliyofanyika na uamuzi umrudie. Kazi ndogo kama kubadilisha bendeji au kutoa damu ya kipimo haihitaji kikao. Tukianza kuitisha watu watano kwa kila sindano, utaratibu utakufa mwezi wa kwanza.

Mahakama ibaki kwa machache: jamaa wakigombana, mali ikihusika, tiba isiyorudishika ikipingwa, au mgonjwa akizuiliwa mahali kwa muda mrefu. Mahakama Kuu inaweza kumteua msimamizi chini ya Sheria ya Afya ya Akili, lakini kesi hutaka ripoti ya daktari, hati za kiapo na taarifa kwa wahusika, na mguu haungoji hayo. Marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2022, pamoja na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, yanaelekea upande tunaousema: mtu asaidiwe kuamua kabla ya kuamuliwa.

Kwa wageni kuna hatua ambayo husahauliwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu shughuli za kibalozi, Ibara ya 37, unaitaka nchi iuarifu ubalozi mdogo unaohusika bila kuchelewa pale ambapo raia wake asiyejiweza anaonekana kuhitaji kuteuliwa msimamizi. Mwitaliano wa Malindi na Mtanzania wa Lamu wako sawa katika hilo. Ubalozi hausaini upasuaji. Kazi yake ni kuwapata watoto wake na kumbukumbu zake.

Lamu ina ugumu wake. Mgonjwa wa rufaa huvushwa kwa boti hadi Mokowe, akapakiwa gari, na kupitia Witu na Garsen kwenda Malindi au Mombasa, safari inayozidi kilomita 300 ikiwa ni Mombasa. Wanaomjua hubaki gatini. Anafika usiku kwa watu wasiojua hata jina analoitiwa, na faili jipya linaandikwa "hana". Dawa yake ni karatasi moja inayobanwa juu ya fomu ya rufaa: jina la utani, lugha, dini, sikio linalosikia, asichokula, alichosema kuhusu tiba alipokuwa mzima, nambari mbili za simu za wanaomjua, na jina la mtu ambaye mgonjwa hataki amkaribie, kama lipo. Muuguzi aijaze kabla boti haijaitwa, kwa sababu boti ikishafika hakuna anayejaza kitu.

Ombi letu kwa mabunge ya kaunti mbili hizi ni orodha ya wasemaji wa wagonjwa, kumi au kumi na wawili kwa kila kaunti, wanaume na wanawake: walimu na wauguzi wastaafu, watu wa misikiti na makanisa, watu wenye ulemavu. Malindi awepo wa Kigiriama na wa Kiitaliano. Lamu wa Kibajuni, Kisomali, Kiorma na Kiaweer. Asiwemo mfanyakazi wa hospitali, wala anayemdai mgonjwa, wala anayetaka ardhi yake. Walipwe nauli ya boti na simu. Mishahara si lazima. Lakini wapewe barua inayowafungulia faili na kuwafunga kwa siri, maana bila barua hiyo watafukuzwa mlangoni na askari wa zamu.

Na msomaji anayeishi peke yake asingoje bunge la kaunti. Idhini ya kifungu cha 9 inataka maandishi. Hati ya uwakili uliyomwandikia mtu akuuzie kiwanja si idhini ya kukutibu. Chukua karatasi, andika jina lako na nambari ya kitambulisho, jina na simu ya unayemwamini na wa pili wake, na maneno haya: "Nikishindwa kuamua juu ya matibabu yangu, huyu ataamua kwa niaba yangu." Ongeza usichokitaka, kama kipo. Tia sahihi na tarehe mbele ya mashahidi wawili wasiokurithi. Nakala moja mpelekee huyo uliyemtaja, ambaye uwe umemwuliza kwanza kama anakubali. Ya pili iwe kliniki unakochukua dawa, ya tatu ndani ya mfuko wa kitambulisho. Mkigombana, andika nyingine yenye tarehe mpya na uichukue ile ya zamani mikononi mwake.

Wahudumu wa ustawi wa jamii na wauguzi,
Malindi